Seneti Ikitazamwa kutoka Kisumu: Tathmini ya Huduma Tunayoilipia

Mkazi wa Kisumu akitaka kujua jinsi fedha za kaunti yake zilivyotumiwa, sheria inampa mahali pawili pa kuuliza. Pa kwanza ni bunge la kaunti, ambako wawakilishi wa wadi 35 huketi humu humu mjini. Pa pili ni Seneti, iliyoko Nairobi, takriban kilomita 350 kutoka hapa, ambayo Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2010 kinaitaka iziwakilishe kaunti, ilinde maslahi ya kaunti hizo na ya serikali zake, na isimamie matumizi ya fedha za taifa zinazogawiwa kaunti. Nimeifuatilia Seneti kwa miaka kadhaa, kwa kutazama vikao vyake mtandaoni, kwa kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na kwa kuwasaidia majirani kuandika maombi na maoni yanayopelekwa huko. Naitathmini hapa kama mtu anavyoitathmini huduma yoyote anayoigharimia: imeahidi nini, inatoa nini, na mtumiaji wa kawaida anaifikiaje. Naipa nyota tatu kati ya tano, na nadhani msomaji atakayefika mwisho ataona kwa nini sikuipa mbili wala nne.

Kwanza bei, kwa sababu hakuna anayekosa kuilipa. Seneti ina maseneta 67 pamoja na Spika. Maseneta 47 huchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti; 16 ni wanawake wanaoteuliwa na vyama; wawili huwawakilisha vijana na wawili huwawakilisha watu wenye ulemavu. Kwa kiwango kilichowekwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu mwaka 2023, kila mmoja hupokea zaidi ya shilingi 700,000 kwa mwezi kabla ya makato, mbali na marupurupu ya vikao na ya usafiri. Sioni sababu ya kulalamikia kiasi hicho peke yake. Fedha zinazogawiwa kaunti, ambazo maseneta wanatakiwa kuzilinda, zilikuwa shilingi bilioni 387.4 katika mwaka wa fedha wa 2024/25 na bilioni 415 katika mwaka uliofuata, na mlinzi anayeokoa hata sehemu ndogo ya fedha hizo huwa amekwisha kuulipia mshahara wake mara nyingi. Swali la haki ni kama ulinzi wenyewe unafanyika.

Unafanyika, na hufanyika mahali ambapo watu wengi hawatazami. Watu wa kwetu huijua Seneti kwa vikao vya alasiri vya Jumanne, Jumatano na Alhamisi, vinavyoanza saa nane na nusu, ambapo wanasiasa husimama wakahutubia na vipande vya hotuba zao vikasambazwa kwenye simu jioni ileile. Kazi yenye faida kubwa zaidi kwa mkazi wa Kondele, wa Ahero au wa Luanda hufanywa asubuhi, katika vyumba vya kamati, ambako gavana huketi mezani pamoja na waziri wake wa fedha na maafisa wa uhasibu, na maseneta huwa na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mbele yao wakiifungua ukurasa baada ya ukurasa. Hapo ndipo huulizwa kwa nini mkandarasi alilipwa kabla ya kazi kukamilika, kwa nini madeni ya wauzaji wadogo yamelimbikizwa miaka na miaka, kwa nini makato ya pensheni ya wafanyakazi hayakufika kwenye hazina husika, na kwa nini rejista ya mali ya kaunti haionyeshi ardhi ambayo kila mtu mjini anajua ni ya umma. Majibu huwa ya kuchosha na mengine huwa ya kuficha, lakini swali likishaulizwa rasmi huingia kwenye kumbukumbu ambayo haifutiki, na mwananchi anaweza kuinukuu baadaye.

Baada ya uchaguzi wa 2022 Seneti iliigawa kazi hiyo kwa kamati mbili, Kamati ya Hesabu za Umma za Kaunti, na ile ya Uwekezaji wa Umma wa Kaunti na Hazina Maalum, ambayo huchunguza kampuni za maji, hospitali, manispaa na mifuko ya mikopo na basari. Nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa maboresho makubwa kabisa ya huduma hii. Zamani kamati moja ilibanwa na vitabu vya serikali 47 za kaunti, na kampuni za maji hazikupewa muda wa kutosha. Mkazi wa Kisumu anayelipa bili ya maji kila mwezi, au mkazi wa Nakuru ambaye mfereji wake hutoa maji siku chache tu za wiki, ana haki ya kujua ni kiasi gani cha maji hupotea njiani kabla ya kufika kwake, na takwimu hizo hutajwa waziwazi katika vikao vya kamati hiyo ya pili. Kwa hesabu ya eneo letu, jambo la kutia moyo ni kwamba kamati zote mbili zilikabidhiwa watu wa magharibi: Moses Kajwang' wa Homa Bay aliiongoza ile ya hesabu na Godfrey Osotsi wa Vihiga ile ya uwekezaji. Aliyewahi kutazama vikao vyao atakubaliana nami kwamba seneta aliyeisoma ripoti usiku uliotangulia hutambulika katika maswali yake mawili ya kwanza, na kwamba yule ambaye hakuisoma hutambulika upesi zaidi.

Seneti ina meno ya kisheria ya kuitisha watu hao. Kifungu cha 125 cha Katiba huzipa kamati za Bunge uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kuwaita mashahidi na kudai hati, na magavana waliokataa kufika wamewahi kutozwa faini ya shilingi 500,000. Ikiwa huduma ingeishia hapo, ningeipa nyota nne bila kusita.

Tatizo huanza kikao kinapoisha. Katiba, katika Kifungu cha 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu akamilishe ukaguzi katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na inalitaka Bunge liijadili ripoti na kuchukua hatua katika miezi mitatu baada ya kuipokea. Kwa miaka mingi ratiba hiyo haikufuatwa. Kamati zimejikuta mara kwa mara zikichunguza hesabu za miaka ya nyuma sana, wakati mhasibu aliyehusika amekwisha kuhama, mkandarasi amekwisha kufunga ofisi, na pengine gavana mwenyewe amemaliza muhula. Ripoti ya kamati ikishapitishwa, mapendekezo yake huenda kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi au kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye kwa mujibu wa Kifungu cha 157 haamriwi na mtu yeyote wala taasisi yoyote katika kuamua nani ashtakiwe. Uhuru huo ni mzuri na sitaki uondolewe. Hata hivyo, unamaanisha kwamba Seneti huweza kufanya kazi yake yote vizuri na mkazi wa Kisumu asione lolote likibadilika, na nadhani Seneti yenyewe ingeweza kupunguza hasara hiyo kwa kuchapisha, kila mwaka na kwa kila kaunti, ukurasa mmoja unaoonyesha mapendekezo yaliyotolewa na hatua iliyochukuliwa kwa kila pendekezo. Mwananchi hahitaji zaidi ya ukurasa huo ili amuulize gavana wake swali sahihi katika mkutano wa bajeti.

Nimetaja kwamba kazi bora hufanyika asubuhi katika kamati. Sasa ni lazima niseme kwa nini seneta hana motisha kubwa ya kuifanya, kwa sababu hapo ndipo maisha ya kazi ya watu hawa hueleweka vibaya zaidi huku kwetu.

Wiki ya seneta wa magharibi, akiwa ni mtu wa bidii, hugawanyika sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Tangu Jumanne hadi Alhamisi yuko Nairobi, asubuhi kwenye kamati na alasiri ukumbini. Alhamisi usiku au Ijumaa alfajiri yuko njiani kurudi nyumbani, na kuanzia hapo hadi Jumapili ni mazishi, michango ya makanisa na ya shule, harusi, na mikutano ya chama. Mazishi ya Nyanza na ya Magharibi hayamsamehe kiongozi asiyefika. Mbunge wa eneo la Seme au la Muhoroni husimama kwenye mazishi hayo akataja madarasa yaliyojengwa kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Mwakilishi wa wanawake hutaja mfuko wake. Mwakilishi wa wadi hutaja barabara iliyochongwa. Seneta hana mfuko. Anawakilisha kaunti nzima, yaani maeneo bunge saba hapa Kisumu, 11 Nakuru na 12 Kakamega, na akisimama kwenye kipaza sauti anachoweza kutaja kwa uaminifu ni kwamba aliuliza maswali makali kuhusu hesabu za kaunti. Waombolezaji husikiliza kwa adabu kisha huuliza ameleta nini.

Maseneta wamelilalamikia jambo hilo tangu Seneti iliporejea mwaka 2013, na madai yao ya kuwa na mfuko wa usimamizi yamefufuliwa mara kadhaa, hata yakaingizwa katika mswada wa kurekebisha Katiba uliojadiliwa Bungeni mwaka 2025 pamoja na NG-CDF. Mimi naunga mkono nusu ya madai hayo. Seneta anahitaji watafiti, wahasibu na gari la kufika katika zahanati inayodaiwa kukamilika huko Nyakach ili aone kama ina paa. Hivyo ni vifaa vya kazi, na kumnyima ni sawa na kumwajiri fundi kisha kumnyima nyundo. Hahitaji fedha za kujenga zahanati hiyo. Siku atakapopewa fedha za miradi, atakuwa na miradi yake mwenyewe ya kuitetea, na macho yatakayobaki ya kutazama miradi ya gavana yatapungua.

Ukosefu huo wa kitu cha kuonyesha ndio unaoeleza, kwa maoni yangu, kwa nini Seneti imekuwa njia ya kupitia kwenda kwenye ugavana. Mifano imejaa katika eneo letu. Anyang' Nyong'o alikuwa seneta wa kwanza wa Kisumu chini ya Katiba mpya, kisha mwaka 2017 akawa gavana. James Orengo aliiwakilisha Siaya katika Seneti kwa mihula miwili, na mwaka 2022 akachaguliwa gavana. Susan Kihika aliiwakilisha Nakuru tangu 2017 na mwaka 2022 akafanya vivyo hivyo. Wapo pia waliosafiri upande wa pili: Ken Lusaka alitoka ugavana wa Bungoma akawa Spika wa Seneti mwaka 2017, kisha akarudi kuwa gavana mwaka 2022, na nafasi yake ya uspika ikachukuliwa na Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi. Simlaumu yeyote kati yao kwa kutaka kazi nyingine. Ni haki yao, na gavana aliyewahi kuketi upande wa waulizaji anajua ataulizwa nini. Ila mpiga kura anapaswa kukumbuka kwamba seneta anayemhoji gavana wa kaunti yake mara nyingi anamhoji mtu ambaye angependa kumrithi au ambaye tayari ni mpinzani wake, na maswali yake yasikilizwe kwa kuzingatia hilo.

Huduma ya pili kwa thamani ni ugawaji wa mapato. Kifungu cha 217 kinaitaka Seneti iamue, kila baada ya miaka mitano, fomula ya kugawa fedha baina ya kaunti. Aliyeishi mwaka 2020 hawezi kusahau mvutano uliozuka: Seneti iliahirisha na kushindwa kuafikiana mara nyingi katika miezi ya katikati ya mwaka huo, maseneta watatu, akiwemo Cleophas Malala wa Kakamega, wakakamatwa na polisi mwezi Agosti mjadala ukiwa motomoto, na mwafaka ukapatikana Septemba baada ya Serikali ya Kitaifa kuahidi kuongeza shilingi bilioni 50 ili pasiwe na kaunti itakayopoteza. Fomula iliyopatikana iliipa idadi ya watu asilimia 18, huduma za afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa eneo na barabara asilimia nane kila moja, miji tano, na asilimia 20 zikagawanywa sawa kwa kaunti zote. Chini ya mgao huo, katika mwaka wa fedha wa 2021/22 wenye jumla ya bilioni 370, Nakuru ilipata takriban bilioni 13, Kisumu takriban bilioni nane na Vihiga takriban bilioni tano.

Nimezitaja asilimia hizo makusudi. Huku magharibi mjadala wa fomula ulifuatwa kama mechi ya soka baina ya vinara wa vyama, na wachache sana walijua kwamba asilimia moja ikihama kutoka idadi ya watu kwenda ukubwa wa eneo, kaunti zenye watu wengi katika ardhi ndogo, kama Vihiga na Kisii, hupoteza fedha za dawa na za mishahara ya wauguzi. Ulikuwa ni mjadala wa maisha yetu, na Seneti, kwa sifa yake, iliuendesha hadharani, kila kaunti ikiwa na kura moja. Kura hiyo hupigwa na ujumbe wa kaunti ukiongozwa na seneta aliyechaguliwa. Nakuru, yenye watu 2,162,202 kwa sensa ya 2019, ina kura moja. Lamu, yenye watu 143,920, ina kura moja pia. Wapo majirani zangu wanaoliona jambo hilo kuwa dhuluma kwa kaunti kubwa. Mimi nadhani ndiyo sababu ya kuwa na chumba cha pili. Wingi wa watu tayari una uzito wake katika Bunge la Taifa.

Huko Bunge la Taifa ndiko yaliko masikitiko makubwa zaidi ya maseneta wenyewe, na ni masikitiko yenye msingi. Mswada wa fedha hauwezi kuanzia katika Seneti. Mswada maalum unaohusu kaunti ukipitishwa na Seneti unaweza kurekebishwa au kukataliwa na Bunge la Taifa kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wake. Mabunge yakitofautiana, kamati ya upatanishi ina siku 30 za kuafikiana, la sivyo mswada hufa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilizifuta sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kuishirikisha Seneti, na ingawa Mahakama ya Rufaa baadaye ililegeza sehemu ya uamuzi huo, funzo lilibaki kwamba mvutano wa mabunge mawili unaweza kumwacha mwananchi na sheria isiyojulikana kama ipo au haipo. Mkulima wa miwa wa Chemelil au wa Mumias alilihisi jambo hilo alipokuwa akisubiri Sheria ya Sukari, ambayo ililazimika kupita katika mabunge yote mawili kabla ya kutiwa saini Novemba 2024. Kazi ya seneta katika mswada wa namna hiyo ni ya mwezi baada ya mwezi, na sehemu kubwa yake haina picha.

Kuhusu kuwaondoa magavana na manaibu wao sitasema mengi, kwa kuwa ndiyo sehemu ya Seneti inayotangazwa kupita kiasi. Sheria ya Serikali za Kaunti huipa Seneti muda mfupi, ikiwa ni pamoja na siku kumi kwa kamati maalum ya maseneta 11 endapo itaundwa, na eneo letu limeona matokeo ya pande zote mbili: William Oduol, naibu gavana wa Siaya, aliokolewa na Seneti Juni 2023, naye Robert Monda, naibu gavana wa Kisii, akaondolewa Machi 2024. Vikao hivyo huendeshwa kwa utaratibu unaokaribiana na wa mahakama, mawakili wakihoji mashahidi, na naona Seneti huvifanya kwa uangalifu kuliko mabunge ya kaunti yanayoleta mashtaka.

Kuna suala moja ambalo watu wa Kisumu, Vihiga na Kericho wangepaswa kuwa wanaiuliza Seneti kila mwezi, nalo ni mipaka. Maseno huzua ubishi baina ya Kisumu na Vihiga kuhusu ni kaunti ipi inayostahili kutoza ushuru. Sondu, kwenye mpaka wa Kisumu na Kericho, imeshuhudia umwagaji damu. Kifungu cha 188 kinasema mpaka wa kaunti hauwezi kubadilishwa ila kwa pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge, likiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge katika Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Bila sheria ya kuunda tume hiyo na kueleza jinsi migogoro itakavyosuluhishwa, mfanyabiashara wa Sondu hubaki kutegemea busara ya makamanda wa polisi. Hiki ni kipimo ambacho mimi hukitumia ninapomsikiliza mtu anayeomba kura ya useneta: nataka aniambie atafanya nini kuhusu mipaka, kwa sababu hakuna mpaka unaoweza kubadilishwa bila kura ya Seneti.

Sasa niwaelekeze wanaotaka kuitumia huduma hii, kwa maana hapo ndipo nilipopata faida ya moja kwa moja. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, huelekezwa kwa Seneti kupitia kwa Karani, na linaweza kuwasilishwa na mwombaji mwenyewe au na seneta kwa niaba yake. Ni lazima lieleze jambo linalolalamikiwa, liseme ni juhudi gani zilizokwisha kufanywa kwa mamlaka husika na jibu lililopatikana, litaje kama suala liko mahakamani, lihitimishwe kwa kusema wazi mwombaji anataka Seneti ifanye nini, na liwe na jina, anwani na sahihi au alama ya kidole gumba. Karani hulikagua katika siku saba. Likikubaliwa, hupelekwa kwa kamati, na kamati inatakiwa kutoa ripoti katika muda usiozidi siku 60. Hakuna ada. Kwa uzoefu wangu wa kuyaandika, maombi hukwama zaidi pale watu wanapoacha sehemu ya juhudi za awali: wanakuwa wamelalamika kwa mdomo katika ofisi za kaunti na hawana barua hata moja yenye muhuri wa kupokelewa. Nendeni na barua, mgongewe muhuri kwenye nakala, mhifadhi nakala hiyo.

Jambo likiwa dogo au la haraka, kuna njia nyepesi zaidi: kumwomba seneta aombe taarifa kutoka kwa kamati inayohusika. Huchukua dakika chache ukumbini, na kamati hulazimika kumuuliza waziri au gavana na kurudisha jibu. Maseneta wanaoteuliwa, ambao watu wengi huwadharau kwa kuwa hawapigi kura yao wenyewe katika mambo ya kaunti, wanaweza kuomba taarifa kama wengine, na baadhi yao huwa na nafasi zaidi katika ratiba zao kwa kuwa hawafukuziwi na mazishi ya kaunti nzima. Nawashauri wasomaji wasiwapite.

Upungufu ninaouona kuwa mkubwa zaidi baada ya ule wa mapendekezo yasiyofuatiliwa ni wa lugha na umbali. Kifungu cha 120 kinakitambua Kiswahili, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, kuwa lugha rasmi za Bunge, na maseneta wapo wanaozungumza Kiswahili fasaha ukumbini. Hata hivyo miswada na ripoti za kamati huchapishwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria. Mama anayeuza omena Kibuye ana uwezo kamili wa kusema kama ushuru wa soko umerekodiwa sawasawa, maana yeye ndiye anayeulipa na ndiye mwenye risiti, lakini ripoti inayomhusu imeandikwa kana kwamba yeye hayupo. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili kwa kila ripoti ya kaunti ungekuwa kazi ndogo kwa taasisi yenye watafsiri na wahariri wa Hansard. Seneti pia imewahi kutoka Nairobi na kufanya vikao vyake katika kaunti, ikiwemo Uasin Gishu mwaka 2018 na Turkana mwaka 2023, na naupenda utaratibu huo kwa sababu humfanya mwananchi aone kamati ikifanya kazi kwa macho yake. Ningependa ziara za namna hiyo ziwe za kamati za hesabu, zikae siku chache mjini Kisumu, Kakamega au Nakuru, na magavana wahojiwe mbele ya watu wanaowatoza ushuru.

Mpaka hilo litakapofanyika, pa kuanzia ni ofisi ya seneta iliyo katika kaunti, ambayo hugharimiwa na Bunge. Ukienda, usiombe karo wala mchango wa mazishi. Uliza hesabu za kaunti za mwaka gani ndizo zilizo mbele ya kamati hivi sasa, uliza tarehe ambayo gavana ataitwa, na uache maswali yako kwa maandishi pamoja na namba yako ya simu. Wafanyakazi wa ofisi hizo wameniambia kwamba ni wachache wanaofika na maswali ya namna hiyo, na kwamba anayefika nayo hukumbukwa.